Soma Daftari Lote Kabla ya Kulipiza

Mwezi jana kijana mmoja wa bodaboda hapa Timau alinionyesha mkono wake wa kushoto. Juu kidogo ya kiwiko cha mkono, kwa wino mweusi, alikuwa ameandika nambari ya gari. Pembeni wino ulikuwa umefifia na katikati umekolea, maana kila asubuhi akishanawa huirudia kwa kalamu juu ya ile ya jana. Nilimuuliza ni ya gari la nani.

“Ya aliyeniangusha, Mwalimu,” akasema. “Siku moja nitamlipa.”

Nikamuuliza kama alimwona dereva. Akainamisha kichwa. Anachokumbuka ni kituo cha mafuta, chenji ya shilingi hamsini aliyorudishiwa, na harufu ya petroli kwenye glavu zake. Kinachofuata ni dari nyeupe ya wadi na mama yake ameketi kando ya kitanda, flaski ya uji mapajani. Kati ya ile chenji na ile dari zilipita siku tatu ambazo hana habari nazo. Aliokotwa mtaroni kando ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, pikipiki imelala hatua kadhaa mbele yake.

Basi hiyo nambari aliitoa wapi? Kwa watu wa steji, alisema. Nilimsihi anieleze polepole. Wa kwanza alimwambia ilikuwa pikapu nyeupe. Wa pili alisema lori la viazi. Wa tatu hakuona gari lolote, ila alisikia jina likitajwa, na mwenye jina hilo ana pikapu. Kisha kijana mwenyewe akaniongezea, kwa sauti ya chini, kwamba mtu huyo walikuwa wamegombana mwaka uliopita kwa deni la shilingi elfu tatu.

Ndugu msomaji, nasaha ya leo nimemwandikia kijana huyo. Lakini nakuomba uisome kana kwamba imeandikwa kwako, kwa sababu wengi wetu tuna nambari fulani tunayoirudia kwa kalamu kila asubuhi, hata kama haionekani mkononi.

Wenzake steji wamempa jina la utani, Ghajini. Wamelitoa kwenye ile sinema ya Kihindi ya mwaka 2008 ambamo Aamir Khan ni tajiri aliyepigwa kichwani, kumbukumbu yake haishiki zaidi ya dakika 15, naye anamsaka aliyemuua mchumba wake. Jambo ambalo wenzake hawakuliangalia ni kwamba katika sinema hiyo Ghajini si jina la mgonjwa. Ni jina la muuaji. Walitaka kumpa kijana jina la aliyedhulumiwa, wakampa la adui. Jambo hilo lilinikaa moyoni siku nyingi, kwa kuwa ndivyo kisasi kinavyofanya kazi: unaondoka nyumbani ukiwa mwenye haki, unafika ukiwa umevaa jina la yule uliyemfuata.

Sinema hiyo ya Kihindi, na ile ya Kitamil ya 2005 iliyoitangulia, zina deni kwa Memento, iliyoongozwa na Christopher Nolan mwaka 2000 kutokana na hadithi ya ndugu yake, Jonathan. Niliitazama upya wiki hiyo. Leonard Shelby, anayeigizwa na Guy Pearce, alikuwa mchunguzi wa madai ya bima. Usiku mmoja nyumba yake ilivamiwa, mkewe akashambuliwa, naye akapigwa kichwani. Maisha yake ya kabla ya pigo anayakumbuka vizuri. Lakini kila jipya linalomfikia hudumu dakika chache, kisha likatoweka. Kwa hiyo hupiga picha za papo hapo na kuziandikia maneno chini, na mambo makubwa huyachora mwilini kwa sindano ya wino. Anamtafuta mtu aitwaye John G. ili amuue. Visa vya rangi vimepangwa kinyumenyume, cha mwisho kimetangulia, ili mtazamaji naye aingie katika kila kisa bila kujua kilichotokea kabla yake. Mwanzoni kabisa unamwona Leonard akimpiga mtu risasi, unaridhika, unasema haki imetendeka.

Saa moja na nusu baadaye unajuta kuridhika kwako. Teddy, yule utakayekuwa umemwona akiuawa, anamweleza Leonard kwamba mhalifu halisi alikwisha kuuawa zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na Leonard mwenyewe ndiye aliyemuua. Alipigwa hata picha akitabasamu, akasahau. Faili la polisi lilikuwa kamili, anamwambia, na kurasa 12 zinazokosekana amezitoa yeye Leonard kwa mkono wake. Leonard hataki kuyasikia hayo. Anaichoma ile picha. Chini ya picha ya Teddy anaandika kwamba huyu asiaminiwe. Kisha ananakili nambari ya gari la Teddy ili ichorwe mwilini iwe ushahidi. Wakati huo anajua anachokifanya, na anajua pia kwamba baada ya dakika chache hatajua tena. Atauona mwandiko wake mwenyewe na kuuamini.

Nambari ya gari, ndugu zangu! Niliposimamisha sinema hapo, niliuona mkono wa yule kijana.

Tumezoea kusema mwenye kisasi ana kumbukumbu ndefu. Nimekaa na watu wengi wenye visasi, na kwa miaka minane nilikuwa mmoja wao, na ninaloweza kushuhudia ni kinyume chake. Mwenye kisasi ni msahaulifu. Katika mambo mia yaliyotokea amechagua moja, akaliandika kwa wino usiofutika, na yale tisini na tisa ameyaacha yaondoke. Ukimuuliza siku ile jirani yake alipomsaidia kumfikisha mtoto zahanati, hakumbuki. Ukimuuliza yeye mwenyewe alisema nini kabla ya kofi kupigwa, hakumbuki. Mstari mmoja ndio alionao, na mstari huo aliuandika yeye akiwa na hasira. Wahenga walisema hasira hasara. Nami naongeza kwamba hasira ni karani mbaya: huandika haraka, na huandika upande mmoja tu.

Hebu tutazame kumbukumbu yenyewe, maana tunaidai kazi isiyoiweza. Mwaka 1953 huko Marekani kijana wa miaka 27, Henry Molaison, alipasuliwa kichwa na daktari William Scoville ili apone kifafa. Sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili, ziliondolewa. Kifafa kilipungua sana, lakini Henry hakuweza tena kuweka akilini jambo jipya. Mtaalamu Brenda Milner alimchunguza kwa miaka, na kila alipoingia chumbani ilimbidi ajitambulishe upya. Siku kadhaa mfululizo alimpa kazi ya kuchora nyota kwa kutazama kioo, na mkono wake ukaendelea kuwa hodari, ijapokuwa Henry aliapa kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo maishani. Hadi alipofariki mwaka 2008 waliomhudumia walimsifu kwa upole na subira. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Kusahau hakukumfanya Henry kuwa katili. Ukatili wa Leonard, basi, tusiusingizie ubongo uliopigwa. Uko katika mwandiko wake.

Na wewe kijana wangu, ukweli huu ni mgumu ila ni bora uusikie kwangu. Pigo la kichwa likimzimisha mtu, yale yaliyotokea dakika chache kabla mara nyingi huwa hayakuwahi kuhifadhiwa. Hayajafichika mahali ambapo ukichimba utayapata. Siku moja ukijikuta “umekumbuka” pikapu nyeupe ikikujia, jiulize kwanza kama ni jicho lako lililoiona au ni mdomo wa mwenzako ulioichora. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana. Walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani “yalipopondana” walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa “yalipogongana.” Baada ya wiki moja, waliosikia neno kali ndio zaidi waliosema waliona vioo vimevunjika. Katika filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja tu la muulizaji liliingia katika kumbukumbu ya mtu likavunja vioo. Ikiwa neno moja linaweza hivyo, miezi mitatu ya mazungumzo ya steji itaweza nini?

Nilisema nilikuwa mwenye kisasi kwa miaka minane. Sitamwambia kijana avue nguo nami nikiwa nimejifunika blanketi.

Mwaka 2009 ukame ulitukausha. Wa rika langu mnaukumbuka. Mashamba ya ngano yalikuwa na rangi ya ngozi ya punda, na maji ya paipu yetu, yatokayo mlimani, yalifika kwa zamu. Baba yangu alikuwa na kauntabuku ya jalada jeusi ambamo aliandika kila kitu: mvua, bei ya viazi, ng'ombe aliyepandishwa. Mwezi Agosti wa mwaka huo aliandika mstari huu: wa shamba la chini ametufungia maji siku nne, viazi vimekwisha. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya shule. Niliusoma mstari huo siku ileile, na baba alipofariki nilirithi daftari, na katika daftari zima niliurithi mstari huo mmoja. Sikumsalimia yule mzee. Mkewe alipofariki sikwenda matangani, na katika kijiji chetu kutofika matangani ni tamko kubwa kuliko tusi.

Mwaka 2017 nilikuwa natafuta tarehe ya jambo jingine kabisa kuhusu mpaka wa shamba. Nikafungua ukurasa ule, kisha nikageuza nyuma kurasa tatu. Hazikuwa zimechanwa wala kufichwa. Kwa mwandiko uleule wa baba yalikuwepo maneno kwamba usiku huo tumefungulia maji hadi saa tisa, na zamu yetu iliisha saa nne. Usiku uliofuata, vivyo hivyo. Na wa tatu. Nikakaa chini. Kwa maana katika usiku huo wa kwanza, kijana mmoja alikuwa ameshika tochi huku baba akifungua valvu, na kijana huyo ni mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Namwapia Mungu nilikuwa nimesahau.

Nilichukua sukari na majani chai nikashuka hadi kwake. Alikuwa ameketi juani, koti la sufu mabegani, anaambua maharagwe. Nikamwambia, “Mzee, nimekuja kwa habari ya maji ya mwaka ule. Sisi ndio tulioanza.” Hakuacha kuambua. Akasema, “Najua, Mwalimu. Niliiona tochi.”

Miaka yote minane alikuwa na daftari zima kichwani, mimi nikiwa na mstari mmoja. Wala hakunitangaza kijijini. Nilimwomba radhi kwa maji, kisha nikamwomba radhi kwa mkewe, na hiyo ya pili ndiyo iliyonitoa machozi, kwa kuwa maji yalirudi mvua iliponyesha lakini mazishi ya mtu hayarudiwi.

Kutokana na hayo nimejifunza kuheshimu daftari linalosomwa na wawili. Mito yetu inayoshuka kutoka mlimani kwenda Ewaso Ng'iro imewahi kuwagombanisha watu vibaya kila kiangazi, wa juu na wa chini, mwenye maua na mwenye viazi na mwenye ng'ombe. Kwenye mto Ngusishi, hapa karibu, watumiaji wa maji waliamua kuunda chama, na Sheria ya Maji ya 2002 ikavipa vyama vya namna hiyo nafasi rasmi. Wakubwa na wadogo huketi pamoja, maji yakipungua wanakubaliana zamu, na kinachochukuliwa kinapimwa. Ugomvi haujaisha duniani, lakini kipimo kinachoonekana na wote huwanyima wenye hasira nafasi ya kuandika peke yao. Busara hiyo si ngeni Meru. Wazee wa baraza la Njuri Ncheke, ambao makao yao ni Nchiru, hawaamui shauri kwa kumsikiliza aliyefika kwanza analia. Mlalamikaji husema, mlalamikiwa husema, mashahidi husema, ndipo wazee wajitenge.

Najua kuna msomaji anayeniuliza, kwa haki kabisa: na yule ambaye kweli alidhulumiwa, ambaye amegeuza kurasa zote na hakuikuta tochi mkononi mwake? Je, asahau?

Asisahau. Kusamehe si kusahau, na nasaha inayomwambia aliyeumizwa afute kumbukumbu yake ni nasaha ya kumfaa aliyemuumiza. Nitakupa mfano wa nchi hii. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa wa Mau Mau walipigwa na askari wakiwa chini ya amri, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya mkoloni ilidai kwamba waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya gari la maji. Tazameni mstari huo ulioandikwa peke yake! Uchunguzi wa maiti ndio ulioonyesha kwamba walikufa kwa kipigo. Miongoni mwa waliopigwa siku hiyo alikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyezimia akalazwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa.

Mzee huyo alikuwa na sababu kubwa ya kulipiza kuliko mimi na wewe. Nusu karne baadaye, mwaka 2009, akiwa na wenzake akina Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi, walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza. Serikali hiyo ilidai kwamba muda mrefu mno umepita. Lakini makasha ya nyaraka za ukoloni yaliyokuwa yamefungiwa Hanslope Park, huko Uingereza, yakafichuliwa, na maandishi ya mkoloni mwenyewe yakasimama upande wao. Oktoba 2012 jaji aliamua kesi isikilizwe ingawa miaka mingi imepita. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alieleza majuto ya serikali yake bungeni, na pauni milioni 19.9 zikatengwa kwa wadai 5,228. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Uhuru Park tarehe 12 Septemba 2015. Susan Ngondi alikuwa amefariki kabla ya kuyaona hayo, na hakuna pesa ya kulipa mwili ulioteswa. Hata hivyo, nawaheshimu wazee wale kwa sababu walikumbuka yote, hadharani, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuwauliza maswali magumu. Mwenye kisasi hawezi kustahimili swali. Mwenye haki hulingoja.

Neno sasa kwenu mlioko steji, mlioko sokoni, mlioko jikoni mkimenya viazi vya sherehe, ninyi mnaompa mwenye machungu majina. Katika Memento, Leonard si hatari kwa sababu ya wazimu wake peke yake. Wanaomzunguka wamegundua kwamba mtu wa namna hiyo ni panga lisilo na mwenyewe. Mwanamke mmoja, Natalie, anamtumia kumwondolea mtu anayemsumbua. Teddy, kwa faida zake, anamwelekeza kwa mtu mwingine amuue, hadi panga linapomgeukia mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kenya tuliyaonja hayo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, pale machungu ya ardhi ya miaka mingi yalipochochewa na watu waliokuwa na hesabu zao, na zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Ukiwa hukuona, sema hukuona. Jina la mtu si karanga za kugawia wageni.

Na kwako kijana wangu, nina mambo manne.

La kwanza, nenda kituo cha polisi, ukaulize kama ajali yako iliandikishwa katika OB, kitabu chao cha matukio, na kama haikuandikwa, iandikishe. Chukua hapo fomu ya P3 ya majeraha ijazwe na daktari, na uhifadhi kadi na karatasi zote za hospitali. Sheria yetu inakupa miaka 3 kudai fidia ya majeraha, na gari barabarani hulazimika kuwa na bima kwa ajili ya watu kama wewe. Hiyo ndiyo njia ya kulipwa. Ile nyingine unayoiwaza ni njia ya kulipa, tena maisha yako yote.

La pili, nunua daftari. Andika kila ulichoambiwa, na mbele ya kila mstari andika nani alikuambia, lini, na kama aliona kwa macho au alisikia. Ukimaliza, andika na deni la elfu tatu, uandike pia wewe ulisema nini siku ya ugomvi ule. Huo ndio ukurasa ambao mkono wako utasita kuuandika, na kwa hiyo ndio muhimu.

La tatu, mtafute mtu mmoja asiyekupenda sana wala kukuchukia akusomee daftari hilo. Awe mzee wa kijiji, chifu, mchungaji, imamu, mtu wa nyumba kumi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inatambua usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro, mradi hazivunji haki za watu. Mwenye ile pikapu aitwe kama jirani, aulizwe, ajibu. Huenda ni yeye. Akiwa ni yeye, na ajue kwamba umejua, na sheria imkute.

La nne, osha mkono.

Usidhani nakuomba uwe mnyonge. Hapa karibu na Timau, barabara hii hii uliyoangukia ina njia ya chini iliyojengwa ili tembo wapite. Tangu 2011 wanaitumia kushuka kutoka msitu wa Mlima Kenya hadi Ngare Ndare na Lewa na kurudi. Zamani walipokuwa wakivuka mashamba, walivunja ua na kukanyaga ngano, watu wakawachukia nao wakaumizwa. Tembo wazee waliijua njia hiyo kabla ya ua kuwepo, na hawakuisahau. Mtu alipowafungulia, walipita. Nikiwaona jioni, mama mbele na ndama akimfuata mkiani, huwa nawaza kwamba kumbukumbu tumepewa kwa ajili ya hiyo: kujua njia ya maji iko wapi, na kumwonyesha mdogo.

Kijana alirudi kwangu Jumapili iliyopita baada ya ibada. Alikuwa amenunua daftari la kurasa 96, akalitoa ndani ya koti likiwa bado linanukia duka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama ya kijivu tu, maana wino wa miezi mitatu hautoki kwa sabuni ya siku moja. Niliogopa kufungua. Nilidhani nitaikuta ile nambari juu kabisa, imeandikwa kwa herufi kubwa.

Ipo, lakini iko mstari wa tano, na mbele yake ameandika: nimeambiwa, hakuona. Mstari wa kwanza, chini ya tarehe ya ajali, una neno moja tu, tena ameliandika polepole kama mtoto anayejifunza kuandika.

“Sikumbuki.”

Nilimwambia aendelee kuandika kutoka hapo.